Bati la Mguu wa Nyuma

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, ukiingia katika nyumba yoyote ya heshima pale Kindu ungekaribishwa kwenye kiti cha mbao nyekundu, chenye mgongo ulionyooka na mikono iliyopinda. Kwenye mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ungeona kipande cha bati kilichopigiliwa misumari minne. Usingeuliza ni cha nini, maana hakuna aliyeuliza. Kiti kisicho na bati kilihesabiwa kuwa kiti cha ovyo, na mwenye nyumba angekuomba radhi kwa kukukalisha juu yake.

Aliyevitengeneza viti hivyo vizuri kuliko wote aliitwa Godefroid, seremala mwenye diploma, mwalimu katika ateliye, yaani karakana ya shule, ya mafurere, watawa wa Kizungu. Habari zake zinafaa kusimuliwa kwa sababu watu wa namna yake walikuwa wengi wakati ule, na bado hawajaisha.

Godefroid alikuwa na tamaa moja tu. Kulikuwa na neno kwamba ateliye mpya ingejengwa karibu na stesheni ya treni, yenye misumeno ya umeme, na kwamba kwa mara ya kwanza mkuu wake angekuwa mtu mweusi. Mkuu huyo angepewa nyumba ya matofali yenye barza na madirisha mapana. Godefroid alikwishaamini kwamba nyumba ile ni yake. Mkewe, Odile, alikwenda siku moja kuyapima madirisha yake kwa kamba, akanunua kitambaa chenye maua makubwa mekundu na kushona mapazia. Akayakunja, akayaweka sandukuni kungoja siku.

Godefroid alizaliwa katika kijiji cha Kama, nchi ya Pangi, mtoto wa mchonga vigoda. Baba yake alikuwa na desturi yake. Mtu akitaka kigoda, mzee alimpeleka kwanza mtoni, akamkalisha kwenye mchanga wenye maji, akamwambia ainuke, kisha akachutama kuitazama alama iliyobaki. Palikuwa na watu wanaoegemea upande mmoja, wenye nyonga mbovu, akina mama waja wazito, wazee waliokauka. Mzee aliusoma mchanga ule kwa muda mrefu, ndipo akaenda kutafuta mti. Vigoda vyake havikufanana hata viwili, na mtu aliyekalia cha mwenziwe alijua mara moja kwamba amekosea.

Godefroid aliyaona hayo yote akiwa mtoto. Alipotoka shuleni aliyaonea haya. Baba yake alipomtembelea Kindu, akamletea kigoda kama zawadi ya ndoa, mtoto alisema asante, na baba alipoondoka akakitupa katika banda la kuku. Kwa Odile alisema, “Hivi ni vitu vya basenji, vya watu ya pori. Mimi niko mutu ya rula na penseli.”

Rula na penseli alikuwa nazo kweli. Asichokuwa nacho ni kitu cha kuchora ambacho mwingine hajakichora. Shule ya mafurere haikuwa na haja ya vichwa. Ilitaka mikono ya kupigilia masanduku, kukarabati mabehewa na kutengeneza madawati, na kichwa kiliruhusiwa kuingia darasani kwa sababu tu hakingeweza kuachwa nyumbani. Katika ofisi ya ateliye, chini ya shuka jeupe, kiliwekwa kiti kimoja kilichotoka Ulaya kwa meli hadi mtoni, na mtoni kwa boti hadi Kindu. Kiliitwa Mfano. Kila mwanafunzi alikipima, akakichora, akatengeneza kama kile. Aliyezidisha unene wa kidole alichapwa, na aliyepunguza alichapwa vilevile. Mwisho wa miaka yake, aliyechapwa mara chache kuliko wenziwe alipewa diploma. Godefroid alichapwa mara chache sana.

Mfano ule ulikuwa na bati kwenye mguu wa nyuma.

Alipokwisha kuwa mwalimu, alimfundisha kijana mmoja wa mtaa wa Waislamu aliyeitwa Hamisi, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja Hamisi alileta kiti chake kikaguliwe. Kilikuwa sawa, ila mguu wa nyuma ulikuwa mtupu.

“Bati iko wapi?” Godefroid aliuliza.

“Mwalimu, niliiacha. Iko ya kazi gani?”

“Iko ya Mfano.”

“Ndiyo, mwalimu, lakini muguu yangu iko muzima. Mutu muzima anafungwa bandeji?”

Wanafunzi walicheka. Godefroid hakucheka. “Muguu yako haiulizwe kama iko muzima ao mugonjwa. Mfano iko na bati.”

“Basi tuivunje kwanza, mwalimu, bati ipate kazi.”

Hamisi alifukuzwa siku ileile, nao mlango ukafungwa nyuma yake. Lakini maneno yake yalibaki ndani, na hapa ndipo mtu anapoweza kuupima upumbavu wa Godefroid. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alifungua ofisi, akatoa shuka, akalala kifudifudi sakafuni na kuchungulia chini ya bati la Mfano kupitia ukingo wake ulioinuka kidogo. Kweli, chini ya bati mbao ilikuwa na ufa, umekwenda mshazari hadi katikati ya mguu. Moyo wake ulijaa furaha. Miaka yote walikuwa wakitengeneza viti pungufu! Tangu siku hiyo, kabla ya kupigilia bati, alichukua msumeno mwembamba akaukata mguu usio na ufa mshazari hadi katikati, kisha akaufunika. Aliwafundisha wanafunzi wake wote kufanya hivyo. Watu wa mji walipopata habari walimsifu: ni Godefroid peke yake anayefanya kiti kamili.

Viti kamili vilianza kulegea miguu baada ya misimu miwili. Wateja walivirudisha, naye akavitengeneza kwa kuongeza bati la pili.

Hamisi naye alirudi kwao, akakaa bila kazi, akachekwa. Alikuwa na kimo cha kutosha kubeba magunia bandarini, na jamaa zake walimshauri abebe. Siku hizo alifariki mzee mmoja wa mtaa, na Hamisi akaenda matangani kama kila mtu. Kindu matanga hukaliwa siku nyingi, na kila nyumba huja na kitu cha kukalia, kwa kuwa mwenye msiba hawezi kuwakalisha wote. Hamisi aliwatazama watu wakija. Vijana wawili walikuja wakitweta, wamebeba kiti chenye bati, na nyuma yao Godefroid aliyevaa kofia ya heshima. Mvua iliponyesha, watu wote walishika mikeka yao wakakimbilia chini ya paa. Godefroid alibaki uani akikishika kiti chake mkono mmoja na kuwaita wale vijana, waliokwisha kukimbia. Alilowa hadi kwenye soksi.

Hamisi alicheka sana, kisha akaanza kufikiri. Mwenye kucheka tu angeondoka pale na hadithi ya kuchekesha. Yeye aliondoka na kazi. Alitafuta mbao nyembamba, akatengeneza kiti kinachokunjwa katikati, chepesi, cha kuning’inizwa begani. Pa kukalia hapakuwa na mbao. Alikwenda kwa Jamila, mjane aliyefuma mikeka jirani na msikiti, akamweleza anachotaka.

“Kusuka mukeka ya kuning’iniza hewani?” Jamila alisema. “Mutoto, mukeka inalala chini. Njo kazi yake.”

“Mama Jamila, fanya kama mukeka imechoka kulala.”

Jamila alimwita mwehu, akafuma. Kipande cha kwanza kilichanika, na Hamisi akaanguka mbele ya wanawake wote wa barza, wakamcheka. Cha pili kilishika kwa kamba za makekele, henzirani za msituni zinazofumiwa vikapu. Cha tatu Jamila alikitia nakshi zake za rangi mbili bila kuulizwa, kwa kuwa hakuweza kuuacha mkono wake ufanye kitu kisichopendeza. Hicho cha tatu ndicho kilichopelekwa matangani, na kabla matanga hayajaondolewa watu walikwishaagiza vingine.

Mji uliona jambo ambalo haukulitazamia. Wanawake waliokuwa wakifuma mikeka ya kulalia tu sasa walikaa kwa Jamila kufuma vikalio vya viti, kila mmoja kwa nakshi yake. Watu wa Obokote, huko msituni, waliozoea kukata makekele ya vikapu vyao tu, walianza kuyashusha mafungu kwa mafungu. Wafanyakazi wa migodi ya Kampene, ambao huhamishwa kambi hii na kambi ile kama mizigo, walikipenda kiti kinachohama nao. Vijana waliofukuzwa na ateliye walijipanga uani kwa Hamisi. Yote hayo yalitoka katika kichwa kimoja kilichokubali kuuliza bati ni la nini. Nchi hailishwi na mikono mingi inayofanya kitu kimoja. Mikono kumi inayonakili kiti kimoja inagombea mteja mmoja, na wote kumi wanalala njaa wakilaumu biashara. Hili halihitaji diploma kulielewa, na pengine ndiyo sababu wenye diploma hawakulielewa.

Godefroid alikiita kiti cha Hamisi “kitanda cha nyani.” Alipopita mbele ya ua ule aligeuza uso. Lakini uani mwake mwenyewe viti vilikuwa vikirundikana, na wanafunzi aliowapa vyeti walikuja kumuomba kazi, nao wote walijua kutengeneza kitu kilekile alichokuwa nacho kwa wingi. Alijifariji kwa ateliye mpya.

Ikafika siku ya maonyesho. Furere mpya aliyekuja kuisimamia ateliye, mtu mrefu aliyekohoa sana, aliagiza kazi zote zipangwe uwanjani, na akamwalika Bulaimu, mkuu wa senta, yaani wa mji wa watu weusi. Ilijulikana kwamba hao wawili ndio watakaomtaja mkuu wa ateliye mpya. Godefroid alipanga viti vyake safu kwa safu, mabati yote yakitazama upande mmoja, yamesuguliwa hadi yanang’aa. Odile alisimama nyuma yake, amevaa kitenge kipya.

Kati ya watazamaji alikuwako Matata, mzee aliyekuwa fundi mitambo wa boti hadi alipostaafu, mtu wa makelele, anayejisifu kwa kila injini iliyopata kupita mtoni. Alizunguka safu ya kwanza, akarudi, akainama.

“Nani amevunja viti hivi vyote?” aliuliza.

“Mzee, havijavunjika,” alisema Godefroid. “Njo vile vinakuwa.”

“Vinakuwa? Mutoto, hii bati njo yangu.” Matata aligeuka kwa watu, akapandisha sauti. “Sikieni. Kiti ya Mafurere ilipofika, walevi wa kapiteni waliiangusha kwenye ubao ya kushukia, muguu ikapasuka. Nani aliitengeneza? Mimi. Nilikata kopo ya mafuta ya mashini, nikapiga misumari mine, kwa sababu sikukuwa na gundi. Nikasema, bwana, mutabadilisha muguu kesho. Kumbe kesho haijafika!”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Watu walikigeuza kiti hiki na kile. Wengine walikuwa na viti hivyo majumbani na walikuwa wakijicheka wenyewe, ingawa kwa sauti walimcheka Godefroid.

“Basi mimi njo mwalimu yenu wote,” Matata alisema, akipiga kifua. “Mutu asiniombe diploma tena.”

Furere mpya hakucheka. Alimwomba Godefroid ang’oe bati moja. Godefroid alilitoa, na mkato wa msumeno ukaonekana, mshazari, safi, wa kitaalamu.

“Uliukata wewe?” Furere aliuliza kwa Kiswahili chake kizito.

“Ndiyo, Furere. Mfano una ufa.”

Bulaimu, mtu wa haki, ambaye hakupenda kumwona mtu mzima akidhalilishwa mbele ya mkewe, aliingilia kati. “Furere, fundi hupimwa kwa kazi. Tumupe kazi isiyokuwa na Mfano. Mama mzazi wa Jamila ameharibika nyonga. Kwenye mukeka hawezi kuinuka, kwenye kiti hii refu hawezi kukaa. Godefroid, mufanyie kitu ya kukalia. Mbao chagua mwenyewe. Ukiiweza, mimi sina neno tena.”

Furere alikubali. Hakuna mtu aliyepata kupewa nafasi iliyo wazi kuliko hiyo. Nyumba ya bibi kizee ilikuwa karibu na mto, na mchanga wa mto ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote.

Godefroid alijifungia. Aliweka karatasi mbele yake, akachonga penseli, akapiga mstari ulionyooka, na baada ya mstari ule hakujua kinachofuata. Alichora mguu. Mkono wake ukauwekea bati. Akafuta. Alichora tena, na bati likarudi. Odile alimletea chakula, akatazama karatasi.

“Uende umuone ule mama,” alisema. “Umuulize inamuuma wapi.”

“Nitamuuliza nini? Yeye si seremala.”

“Baba yako aliulizaka.”

Hapo Godefroid aliinua kichwa. Odile alidhani amekumbuka mchanga wa mtoni, na kweli aliukumbuka. Aliiona wazi ile alama ya watu kwenye mchanga, akamwona mzee amechutama. Ilibaki kutoka mlangoni na kushuka mtoni pamoja na bibi kizee. Lakini aliogopa kuonekana na watu akifanya mambo ya basenji, diploma ikiwa ukutani. Alipita mlango wa mbele bila kuufungua, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia katika banda la kuku. Huko alikitoa kigoda cha baba yake.

Alikuwa amepata Mfano.

Alikifuta mavi ya kuku, akakipima kila upande kwa rula, akafanya kazi kwa furaha aliyokuwa ameisahau. Kazi ilikuwa nzuri mno. Mtu angeviweka viwili pamoja asingejua kipi ni kipya.

Waliokusanyika kwa Jamila siku ya kukileta walikuwa wachache: Furere, Bulaimu, Jamila na mama yake, na Hamisi aliyekuwa amekuja kuchukua vikalio vya viti vyake. Kigoda kiliwekwa sakafuni. Kilikuwa kizuri, chenye mduara laini, na kwa kitambo kidogo hata Hamisi alitikisa kichwa kwa sifa. Kisha Jamila alikiinua na kupitisha kidole pembeni, mahali palipokuwa na vishimo vidogo vidogo vilivyopangika ukingoni.

“Hii ni nini?”

“Njo vile kinakuwa,” alisema Godefroid.

Jamila alikitazama kwa karibu, akamtazama Godefroid. Jamila naye alifuga kuku, na meno ya panya wa bandani aliyajua. “Mwalimu. Hapa panya alikula.”

Godefroid alinyoosha mkono kukichukua kigoda.

“Ulikuwa na kigoda penye panya alikula, na wewe ukachonga meno ya panya.” Jamila alisema polepole, kama anayemsomea mtoto. “Huyu panya naye iko na diploma?”

Hamisi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Bibi kizee, ambaye hakuyasikia vizuri maneno hayo, masikio yake yakiwa yamechoka, alitaka kuonyesha adabu kwa aliyemletea zawadi. Aliomba asaidiwe kukaa. Walimkalisha. Kigoda kile kilifuata kipimo cha kile alichokichonga mzee wa Kama kwa ajili ya mwanawe, kijana mpana mwenye nyonga nzima. Bibi aliteleza upande wake mbovu, akauma midomo, akasema, “Asante, mutoto yangu,” na kunyoosha mikono ainuliwe.

Bulaimu alitazama chini. Furere alikohoa, akasema kwamba ameona ya kutosha.

Uamuzi ulitolewa wiki hiyo, nao ulifanana na watu waliouleta. Godefroid hakufaa kwa sababu hakuwa na kichwa. Bulaimu alimtaja Hamisi. Furere alijibu kwamba Hamisi hana diploma, na asiye na diploma hawezi kufundisha. Basi ikaandikwa kwamba Kindu hakuna mtu, na misumeno ya umeme, iliyokuwa bado ndani ya masanduku stesheni, ikapandishwa treni kwenda kusini. Utawala uliotumia miaka kufukuza vichwa na kulea mikono ulishangaa kukuta mikono mitupu, na ulishangaa kwa dhati. Watu waliotaka ufundi waliendelea kwenda uani kwa Hamisi, wakajifunza pale chini ya turubali, na baadhi yao walifika mbali.

Godefroid alirudi nyumbani kwake kwa miguu. Alikuta Odile amefungua sanduku na kuyatandaza mapazia kitandani. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, na mapazia mawili alikwishayakata nusu. Vipande vilivyobaki alikuwa akivigeuza huku na huku, akavilinganisha na mito ya viti, akaona vinatosha.

“Unafanya nini?” Godefroid aliuliza.

“Nayafupisha. Yalikuwa ya madirisha ingine.”

Godefroid alisimama akilitazama pazia lililokwisha kuning’inizwa kwenye dirisha lao dogo. Lilikaa vizuri, upepo ukilichezesha.

“Ua limekatwa katikati,” alisema. “Kwenye kitambaa lilikuwa zima.”

Odile aliuma uzi kwa meno, akachukua pazia la tatu, akalipima dirishani, akakata.